Kulinda, Kufunga au Kuwekea? Uhakiki wa Istilahi za Nywila

Utangulizi

Miongoni mwa barua ziletwazo ofisini petu na walimu na wafasiri, nyingi huuliza swali moja: lililo sahihi ni nywila au nenosiri? Swali hilo lina haki yake, nasi tutalijibu hapa chini. Lakini barua moja tuliyoipokea mwaka huu imetufanya tuamini kwamba kwa muda mrefu tumekuwa tukibishana juu ya jina la ufunguo huku mlango wenyewe tumeuacha wazi.

Mwandishi wa barua hiyo ni mwalimu wa sekondari. Nyumbani kwake anayo seva ndogo ya hifadhi, yaani kisanduku chenye diski mbili kilichounganishwa na ruta, ambamo huweka picha za familia, maandalizi ya masomo na nakala za kazi zake. Kisanduku cha namna hiyo kina uwezo pia wa kuhudumia kurasa za tovuti, na mwalimu huyu alitengeneza kurasa chache za alama za mitihani ili wazazi wazisome wakiwa makwao. Kwa kuwa alitaka wazazi peke yao wazione, alifuata karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Karatasi ilimwambia aandike faili fulani na kuiweka ndani ya folda ya kurasa zake, kisha ikamalizia kwa sentensi hii: "Sasa kurasa zako zimefungwa na kulindwa kwa nywila." Mwalimu akaamini. Baada ya wiki mbili mwanafunzi mmoja alizifungua kurasa hizo kwa simu yake, wala hakuulizwa neno lolote.

Mwalimu hakutuuliza habari za nywila na nenosiri. Alituuliza hivi: "Ikiwa zilifungwa, zilifungukaje?"

Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya istilahi, kwa maana tunaamini kwamba sehemu ya kosa ni ya mafundi na sehemu ni yetu sisi tunaoshughulika na lugha. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu wafasiri peke yao. Tulipoipekua rasimu ya orodha ya istilahi za kompyuta tuliyoiandaa wenyewe, tulikuta kitenzi "linda" kimetumika humo kwa dhana tatu zilizo mbalimbali, wala hakuna aliyekuwa ametanabahi.

1. Bawabu na neno lake

Kabla ya kuhakiki maneno hatuna budi kuvijua vitu. Mtu anapotaka kusoma ukurasa uliomo katika seva, kivinjari chake hupeleka ombi. Ikiwa seva imeamriwa kudai nywila, haitoi ukurasa. Hurudisha jibu lenye msimbo 401, na hapo kivinjari humwonyesha msomaji kidirisha cha kuandikia jina lake na nywila. Akisha kuandika, ombi hupelekwa tena likiwa limebeba vitu hivyo viwili. Seva huvilinganisha na orodha iliyo nayo, na vikipatana ukurasa hutolewa. Utaratibu huu ni wa zamani kwa kadiri ya mambo ya intaneti. Umo katika maelezo ya itifaki ya HTTP yaliyochapishwa mwaka 1996, ukaandikwa upya mwaka 1999 na tena mwaka 2015, na hadi leo ni miongoni mwa njia zilizo nyepesi kabisa kwa mtu mwenye seva ya nyumbani.

Sasa tuangalie nani afanyaye nini. Anayelinda ni seva. Yeye ndiye bawabu aliyekaa mlangoni. Nywila hailindi kitu. Ni neno ambalo mgeni humwambia bawabu ili apishwe. Wasomaji wetu wanaikumbuka hadithi ya Ali Baba na wezi arubaini. Mlango wa pango ulikuwa mlango wa kweli, tena mzito, lakini haukumuuliza mtu yeye ni nani. Ulisikiliza neno tu. Ali Baba alilisikia akiwa juu ya mti, akaingia. Kasimu alilijua akaingia, akalisahau akafia ndani. Aliyekuwa na haki ya mali ile hakuwa na nguvu zaidi ya aliyelijua neno.

Basi tukisema "ukurasa unalindwa kwa nywila", tumempa mgeni kazi ya bawabu. Msomaji hudhani kwamba nywila ni kitu chenye nguvu kinachokaa juu ya ukurasa kama kufuli juu ya sanduku, na kwamba ilimradi kufuli limetiwa, sanduku limefungika hata mwenyewe akiondoka. Sivyo. Ikiwa bawabu hayupo, au yupo lakini hakuambiwa aulize, neno la siri halina kazi yoyote.

Hilo ndilo lililompata mwalimu wetu. Faili aliyoiandika, ambayo jina lake huanza na nukta na kusomeka .htaccess, ni barua ya maagizo kwa programu ya seva iitwayo Apache. Programu nyingine itumikayo sana, Nginx, haiisomi kabisa. Hata Apache yenyewe, tangu toleo lake la 2.4 la mwaka 2012, kwa desturi haiisomi mpaka mwenye seva aseme waziwazi kwamba isomwe. Baadhi ya visanduku vya hifadhi huweza kuhudumia kurasa kwa programu moja au nyingine, kufuatana na uchaguzi wa mwenye navyo. Mtu akiiweka faili hiyo mbele ya Nginx, hapana onyo litakalotokea wala kosa litakaloandikwa. Ni sawa na kumwachia bawabu maagizo kwa lugha asiyoijua: ataendelea kuketi palepale na kumpisha kila apitaye.

Kama karatasi ingesema "sasa seva itadai nywila", mwalimu angekuwa na jambo la kulipima. Angekifungua kivinjari cha jirani na kutazama: je, imedai? Lakini kwa kuwa iliambiwa kwamba kurasa "zimefungwa", kulikuwa na nini tena cha kutazama? Kitenzi kilichochaguliwa na mfasiri kilimzuia msomaji asijaribu mlango wake.

Asidhani mtu kwamba hili huwapata walimu wa vijijini peke yao. Mnamo Juni 2021 watu wengi waliokuwa na diski za nyumbani za Western Digital za aina ya My Book Live waliamka wakakuta data zao za miaka mingi zimefutwa. Wachunguzi walipoipitia programu ya diski hizo waligundua kwamba mistari iliyopasa kudai nywila kabla ya kukubali amri ya kufuta kila kitu ilikuwemo ndani ya programu, lakini ilikuwa imewekewa alama ya kuifanya maelezo tu, isitekelezwe. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba kasoro hiyo iliingia mwaka 2011. Kwa miaka kumi kila mwenye diski hiyo alikuwa na nywila yake, na huenda aliichagua kwa uangalifu mkubwa. Ila mahali pale palipohitajika, hapakuwa na wa kuiuliza.

2. Vitendo vinne, kitenzi kimoja

Tukizichunguza tafsiri zilizofika mezani petu, twaona kwamba kitenzi "linda", na nduguye "funga", hubebeshwa vitendo vinne ambavyo fundi havichanganyi hata siku moja.

Kitendo cha kwanza ni kumtambua mtu: kuhakikisha kwamba huyu asemaye kuwa ni mzazi wa fulani ndiye kweli. Cha pili ni kumwidhinisha: kuamua kwamba mzazi huyu, akisha kutambuliwa, aruhusiwe kuona alama za mtoto wake na asiruhusiwe kuona za wengine. Cha tatu ni kuuficha ukurasa: kutouwekea kiungo mahali popote, ili asiyepewa anwani yake asiufikie. Cha nne ni kuyageuza maandishi yenyewe yasisomeke kwa asiye na ufunguo, hata kama ameyashika mkononi.

Vitendo viwili vya kwanza hukorogwa hata katika Kiingereza. Msimbo 401 tuliokwisha kuutaja ulipewa jina lenye maana ya "asiye na idhini", ilhali maana yake halisi ni "bado hujajitambulisha". Asiye na idhini kwa kweli hupewa msimbo 403, ambao maana yake ni "tumekujua, na bado hatukuruhusu", au kwa kifupi "marufuku". Jina la 401 lilibandikwa vibaya zamani na mafundi wamelizoea. Wao hawapotei, kwa kuwa huisoma namba na si jina. Mfasiri wa Kiswahili hana sababu ya kulirithi kosa hilo. Akiandika "Huna idhini" penye 401, mzazi mwenye haki zote atadhani amekataliwa na kuondoka, kumbe alikuwa akiombwa ajitambulishe tu. Hapa twaweza kusema sawasawa kuliko matini ya asili: "Jitambulishe kwanza" kwa 401, na "Huruhusiwi" kwa 403. Si kila mara mfasiri hupata nafasi ya kurekebisha kosa la aliyemtangulia; akiipata asiiache.

Kitendo cha tatu, kuficha, kina udanganyifu wake. Ukurasa usio na kiungo haukulindwa, haujatangazwa tu. Anwani yake yaweza kupelekwa na mzazi mmoja kwa mwingine, ikaandikwa ubaoni, ikabaki katika kumbukumbu ya kivinjari cha mkahawa wa intaneti. Kuuita ukurasa huo "uliolindwa" ni kama kuiita nyumba "iliyofungwa" kwa sababu haina kibao cha mtaa.

Lakini mkorogo ulio mbaya kuliko yote ni ule wa kitendo cha kwanza na cha nne, na ushahidi wake tunao. Mnamo Aprili 2021 wahalifu waliviingilia visanduku vya hifadhi vya QNAP katika nchi nyingi. Hawakuyachukua mafaili ya watu. Waliyakusanya katika mafurushi ya aina ya 7-Zip, wakayawekea nywila wanayoijua wao, kisha wakadai malipo ya bitikoini 0.01 kwa kila aliyetaka kuipata. Mafaili yalikuwa palepale nyumbani kwa wenyewe, ndani ya kisanduku chao, yasisomeke. Mfasiri wa habari hiyo ataandika nini? Ataandika kwamba mafaili "yalifungwa kwa nywila". Na mfasiri wa karatasi ya mwalimu aliandika nini? Aliandika kwamba kurasa "zimefungwa kwa nywila". Maneno ni yaleyale. Lakini katika habari ya kwanza hakuna bawabu: maandishi yenyewe yamegeuzwa, na hata ukiibeba diski kwa fundi hodari hutayasoma. Katika ya pili maandishi yamekaa ndani ya diski kama yalivyoandikwa. Akiiba mtu kisanduku chenyewe, au akiingia kwa mlango mwingine ambao bawabu hakuwekwa, atayasoma yote. Lugha inayoyaita mambo hayo mawili kwa jina moja haijamsaidia raia kujua ni lipi alilo nalo.

3. Kinyume si fumbo

Hapa yatupasa kuingia ndani kidogo, maana ndipo Kiswahili kilipo na utajiri usiotumiwa.

Tulisema kwamba mgeni akisha kuandika jina na nywila, kivinjari huvipeleka kwa seva. Huvipelekaje? Katika utaratibu ule mwepesi, huunganishwa kwa nukta mbili na kuandikwa upya kwa alfabeti ya alama 64. Tuseme jina ni mwalimu na nywila ni simsim. Kitakachosafiri ni hiki: bXdhbGltdTpzaW1zaW0=. Asiyejua akiyatazama maandishi hayo atasema, hapa pana siri kubwa. Wala hapana siri. Kanuni ya kuyarudisha yalivyokuwa ni moja kwa watu wote, haina ufunguo, na mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta ataifanya kazi hiyo mara moja. Maelezo rasmi ya mwaka 2015 yenyewe yanaonya kwamba utaratibu huu si salama mpaka usafiri ndani ya njia nyingine iliyo salama.

Watoto wa mwambao wana mchezo wa lugha uitwao kinyume, ambamo silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mwanzo, hata nyumba ikawa mbanyu. Mgeni akiusikia hushangaa. Aliyefundishwa kanuni huelewa yote, kwa kuwa hakuna kilichofichwa ila mpango wa silabi. Alfabeti ile ya alama 64 ni kinyume cha kompyuta. Fumbo ni jambo jingine. Fumbo la kweli hulijua aliyepewa ufunguo wake, na kuijua lugha peke yake hakukusaidii kulifumbua.

Wafasiri wengi sasa wana kitenzi "simba", kilicho ndugu wa "msimbo", na hukitumia kwa kazi zote mbili. Wengine, kwa busara, huongeza neno na kusema "simba fiche" kwa ile kazi yenye ufunguo. Sisi tunaiunga mkono tofauti hiyo kwa nguvu zote, na tunaomba isipuuzwe. Neno "fiche" si pambo. Ndilo linalobeba maana nzima. Mfasiri akiliacha kwa kutafuta ufupi, atakuwa amemwambia msomaji kwamba kinyume ni fumbo. Anayeona uzito katika "kusimba fiche" tunamkumbusha kwamba lugha yetu inavyo "kufumba" na "kufumbua", vitenzi viwili vinavyoelekeana, vilivyokomaa katika ushairi wetu kwa karne nyingi. Twavitaja ili wasomaji wavijadili, hatujavisanifu.

Kipo pia kitendo cha tano ambacho huingizwa katika kapu hilohilo. Seva nzuri haiweki nywila za watu katika orodha kama zilivyo. Sababu yake ilionekana mapema. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 kule MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja, na kila mtu akapewa nywila ili mafaili yake yasichanganyike na ya mwenzake. Nywila hizo ziliwekwa wazi ndani ya faili moja. Mwaka 1966, kwa kasoro ya programu, faili hiyo ilibadilishana mahali na tangazo la kuwakaribisha watumiaji, na kila aliyeingia akasomewa nywila za watu wote. Siku hizi kila nywila hupitishwa katika hesabu isiyorudi nyuma, na kinachowekwa ni matokeo yake tu. Mgeni akija, neno lake hupitishwa katika hesabu ileile na matokeo hulinganishwa. Kuliita tendo hilo "kusimba fiche" ni kosa, kwa sababu kilichosimbwa huweza kusimbuliwa, na hiki hakiwezi. Tunapendekeza "kusaga". Mahindi yakisha sagwa huwa unga. Na aliye na unga, awe na ujuzi wa namna gani, hana njia ya kuurudisha uwe mahindi.

4. Nywila au nenosiri?

Sasa tulijibu swali la wengi. Majina yanayosikika ni manne au matano: nywila, nenosiri, neno la siri, namba ya siri, na lile la mitaani, paswedi.

Nenosiri lina sifa ya uwazi. Mtoto wa darasa la nne akilisikia ataelewa. Lakini uwazi wake una hasara ndani yake, maana humwambia mtu kwamba kitakiwacho ni neno. Na kitu ambacho mtu hapaswi kukitumia ni neno, hasa neno moja lipatikanalo katika kamusi, au jina la mtoto wake. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, ililiacha jina la mazoea na kutumia jina lenye maana ya "siri iliyokaririwa". Mwongozo huohuo uliagiza kwamba watu waruhusiwe kuandika siri ndefu, hata ya alama 64 pamoja na nafasi kati ya maneno. Kwamba wasilazimishwe kuibadilisha kila baada ya muda bila sababu. Na kwamba iliyokwisha kuvuja au iliyomo kamusini ikataliwe. Siri ya namna hiyo ni sentensi nzima. Tena wingi wa nenosiri huwatatiza waandishi: manenosiri, au maneno siri? Tumeyaona yote mawili katika ukurasa mmoja.

Nywila haina uwazi huo. Msomaji wa kawaida haoni shina lake katika maneno mengine ayajuayo, na hilo ni pungufu tunalolikiri. Lakini kwa kuwa halina historia masikioni mwake, halimwahidi jambo lisilo kweli. Halisemi kama ni neno, namba au sentensi. Ni fupi, umoja na wingi wake ni mmoja, na huungana vizuri na mengine: nywila ndefu, nywila ya muda, nywila iliyovuja. Kwa hiyo tunalichagua kwa dhana ya jumla.

Namba ya siri lisiondolewe. Huduma za fedha kwa simu, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, zimelifikisha kwa wakulima na wavuvi, nalo lasema kweli: ni tarakimu tupu. Libaki kwa tarakimu tupu. Neno la siri libaki kwa askari walio lindoni, na kwa Ali Baba.

Hata hivyo twarudia kusema kwamba ubishi huu ni mdogo. Mwalimu wetu angeambiwa "zimelindwa kwa nenosiri" angepatwa na yaleyale.

5. Pingamizi

Mwenzetu mmoja aliyeisoma rasimu ya makala haya alitupinga kwa hoja ambayo hatuwezi kuipita kimya. Alisema: istilahi haiwezi kubeba elimu nzima ya ufundi. Hata Kiingereza husema "kulinda" kwa ulegevu huohuo, na wasemaji wake huishi. Kwa nini tumtwishe mfasiri wa Kiswahili mzigo ambao mwandishi wa asili hakuubeba?

Kwanza, ni kweli kwamba neno si darasa. Lakini msomaji wa Kiingereza akipotoshwa na karatasi moja ana vitabu mia vya kumrekebisha. Msomaji wa Kiswahili mara nyingi ana karatasi hiyo moja tu. Palipo na karatasi moja, ulegevu wa neno ni ghali zaidi.

Pili, maneno haya yameanza kuingia mahali pasipo na mzaha. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Na Kenya ilikwisha kuwa na sheria yake ya namna hiyo tangu mwaka 2019. Katika sheria hizo ulinzi ni wajibu mpana: kukusanya kinachohitajika tu, kukitunza, kutokitoa kwa asiyestahili, na kuwajibika kikivuja. Kudai nywila ni chombo kimoja kidogo ndani ya wajibu huo. Ofisa akiandika katika taarifa yake kwamba kurasa za wanafunzi "zilikuwa zinalindwa", wakati kilichokuwepo ni kidirisha cha nywila juu ya njia isiyosimbwa fiche, je, amesema kweli au amesema uongo? Kwa istilahi tulizo nazo hakimu hana njia ya kujua. Neno "ulinzi" likiisha kuwa neno la sheria, hatuna ruhusa tena ya kulitupatupa katika maelekezo ya kompyuta.

6. Mapendekezo

Katika kutafuta kitenzi cha badala tulikwenda vitabuni tusikipate, tukakipata mitaani. Kijana akitaka kusema kwamba simu yake haifunguki ovyo, hasemi "nimeilinda kwa nywila". Husema "nimeiwekea nywila". Tazama jinsi kauli hiyo ya kutendea ilivyo na adabu: inasema kilichofanyika, wala haizidishi. Nywila imewekwa. Kama itaulizwa ipasavyo, kama itatosha, kama kuna mlango mwingine, hayo hayajasemwa na yabaki kuchunguzwa.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali:

(a) Kuwekea nywila litumike kwa tendo la kuiamuru seva, simu au programu idai nywila. Ukurasa wenyewe uitwe ukurasa wenye nywila, na maelekezo yamalizie kwa kusema: "Seva sasa inapaswa kudai nywila. Hakikisha kwa kutumia kifaa kingine."

(b) Kutambua na kuidhinisha yatenganishwe. Asiyejitambulisha asiambiwe kwamba amekataliwa.

(c) Kuficha litumike kwa ukurasa usiotangazwa, wala lisiwekwe mahali pa kulinda.

(d) Kusimba fiche litumike tu penye ufunguo. Kusimba peke yake libaki kwa kubadili maandishi kwa kanuni iliyo wazi kwa wote. Njia ya HTTPS, ambamo mazungumzo yote ya kivinjari na seva husimbwa fiche, iitwe njia iliyosimbwa fiche, si "njia ya siri".

(e) Kusaga litumike, kwa majaribio, kwa hesabu isiyorudi nyuma inayotunzia nywila.

(f) Kufunga libaki kwa kufunga: faili iliyofungwa baada ya kusomwa, akaunti iliyofungwa na mwenyewe au na wenye mamlaka.

(g) Kulinda na ulinzi yatumike kwa jumla ya hatua zote pamoja, kama sheria iyatumiavyo, na yasitumike kwa hatua moja peke yake.

Hitimisho

Kasoro tuliyoieleza haikutokana na umaskini wa lugha. Vitenzi vyote tulivyovitaja vilikuwepo, na kimoja kilicho bora kuliko vyote kilikuwa midomoni mwa vijana tukikipita kila siku. Kasoro ilitokana na desturi yetu ya kusanifu istilahi moja moja kama zinavyoletwa na barua, badala ya kuziweka mezani pamoja na jirani zake na kuuliza kila moja inaanzia wapi na kuishia wapi. Neno lililo zuri likiwa peke yake huweza kuwa baya likikaa na wenzake.

Mwalimu tumemjibu kwa barua. Tumemweleza kwamba kurasa zake hazikufunguka, kwa sababu hazikupata kufungwa. Kwamba aiulize seva yake ni programu gani inayohudumia kurasa, na aiamuru kwa lugha ya programu hiyo. Kwamba njia iwe ya kusimbwa fiche kabla hajampa mzazi yeyote nywila. Na kwamba mpaka hayo yatimie, alama za watoto azitoe humo. Ametujibu kwamba amezitoa, na kwamba kwa sasa wazazi wanakuja shuleni kuzisoma ubaoni. Anauliza orodha iliyorekebishwa itakuwa tayari lini. Wasomaji wenye maoni juu ya mapendekezo (a) hadi (g), hasa juu ya "kusaga" na juu ya "kufumba", tunawaomba watuandikie kabla ya kikao kijacho cha kusanifu, ili tumjibu mwalimu huyo jambo la hakika.